Kikundi cha Ukoo: Idi na treni zake

Zuhura: Jamani, Idi kasimamishwa na askari stesheni. Kisa, anapiga picha treni 🙄

Shangazi: Nilisema mie! Hiyo kamera itamponza.

Mama Idi: Yuko wapi? Simu hapokei

Idi: Nipo mama, wameshaniachia. Dakika ishirini tu

Mama Idi: Ishirini TU?? Walitaka nini?

Idi: Jina, natoka wapi, mbona napiga kichwa cha treni na si watu. Nikawapa daftari langu la namba za injini walione. Mmoja akafunua kurasa weee, akachoka

Kaka Juma: Hapo ndo ulijimaliza 😂😂

Mjomba: Msicheke. Mwaka 2001 Ugiriki iliwakamata Waingereza 12 na Waholanzi 2, wao wapenzi wa kutazama ndege za jeshi. Madaftari ya namba yakageuka ushahidi wa ujasusi. Aprili 2002 wakatiwa hatiani, Novemba rufaa ikawasafisha.

Shangazi: Si ndiyo hayo ninayosema!

Mjomba: Dada, ile ilikuwa kambi ya jeshi la anga. Stesheni ni ya abiria. Idi, ulisimama wapi?

Idi: Nyuma ya mstari wa njano, flashi nimezima. Ile inamtia dereva kiwi, hilo silifanyi

Mjomba: Picha umefuta?

Idi: Mmoja alitaka nifute. Nikamuuliza taratibu, "Afande, kwa sheria ipi?" Akamtazama mwenzake

Shangazi: Iko siku utajibiwa kwa kofi

Mjomba: Ameuliza kwa adabu. Kila nchi ina yake, lakini hata Uingereza hili limewasumbua. Kifungu cha 44 cha sheria ya ugaidi ya 2000 kilimruhusu askari kukupekua bila kukushuku lolote, wapiga picha wakalia sana. Januari 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kinavunja faragha, 2012 kikafutwa. Huko, wakikushuku kweli ugaidi wanaweza kuzitazama picha, hata kuchukua kamera. Kukufutia pale pale, hapana.

Kaka Juma: Mjomba na sheria zake 🙌

Mama Idi: Mimi nataka nijue anaenda na nani. Peke yako usiende tena

Idi: Sawa mama

Zuhura: Haya tuma basi hiyo picha iliyotutia presha

Idi: 📷

Zuhura: Mbona ukungu mtupu?

Idi: Afande alinishika bega nikiwa nabonyeza