Kagera ina maziwa, mito na mvua karibu mwaka mzima, kwa nini kipato kiko mkiani?

mgeni_wa_muleba:
Wakuu habarini. Mi ni mtu wa Singida, nimeletwa huku Muleba kikazi na toka nifike kuna kitu kinanitatiza, naomba wenyeji mnisaidie. Kwetu mtu akiona lambo limejaa anashukuru Mungu, ng'ombe wanashinda njiani kutafuta maji, sa huku ukigeuka huku ziwa ukigeuka kule chemchemi, mvua inanyesha mpaka nguo hazikauki. Kuna Victoria, kuna Burigi, kuna Ikimba, Karagwe nasikia wana Rwakajunju, alaf mto Kagera wenyewe. Migomba mpaka barabarani. Lakini kila zikitoka takwimu za pato la mtu kimkoa, Kagera utaikuta mkiani au jirani na mkia. Na kingine, kuna mama hapa jirani anapanda mlima na ndoo kichwani kila asubuhi wakati ziwa analiona akiwa mlangoni kwake.

Ivi tatizo ni nini hasa? Naomba majibu ya maana, sio "Wahaya wanajivuna", hayo nshayasikia ya kutosha. Na swali dogo la pili, nina akiba ya kawaida tu, nikitaka kitu cha kunisaidia nje ya mshahara niingie wapi, dagaa, kahawa au ndizi?

Kaizilege2:
Jibu langu ushalikataza 😂 ngoja nikae pembeni nisome wengine.

mwl_wa_ramani:
Mkuu karibu sana. Mi nafundisha jiografia na hili swali wanafunzi huniuliza, kwa iyo nivumilie nitaandika kirefu.

Kagera sio sehemu moja. Bukoba na ukanda wote wa ziwa unapata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka, ukienda Karagwe inashuka mpaka karibu nusu yake, na ni mwendo wa gari wa masaa tu. Sababu ni ziwa lenyewe. Usiku maji yanakua na joto kuliko nchi kavu, mawingu yanajengeka juu ya ziwa, upepo wa mashariki unayasukuma yanakuja kuumwaga mzigo wote kwenye huu mwambao wa magharibi, ndo maana Bukoba mvua inapenda kupiga alfajiri na asubuhi wakati sehemu nyingine za nchi inanyesha jioni. Ukivuka ile safu ya vilima vya mwanzo mawingu yameshapungua.

Sasa hiyo mvua unayoionea wivu ndio imeosha udongo. Miamba ya huku ni ya zamani, mawe ya mchanga, udongo wake mwepesi na mchachu, virutubisho vimeshuka chini miaka mingi sana. Toka siku moja nje ya kijiji utembee kwenye rweya, yale maeneo ya nyasi, utaona nyasi fupi na mawe basi, hakuna cha maana kinachokubali bila kazi. Ule ukijani unaouona kwenye kibanja, yaani shamba la kuzunguka nyumba, umetengenezwa kwa mikono. Babu kaweka samadi, bibi kakata nyasi rweya akaja kutandaza chini ya migomba, majivu, maganda, kila kitu kinarudi shambani, vizazi kwa vizazi. Migomba juu, kahawa katikati, maharage chini. Huo utaratibu ulitegemea ng'ombe, na ng'ombe wamepungua, watoto wameongezeka, kibanja cha babu kimegawanywa mpaka mtu anarithi mistari ya migomba anaihesabu kwa macho. Alaf 2006 ukaingia mnyauko wa bakteria, ukianzia huko huko Muleba uliko, mgomba unakauka huku ndizi zinaozea ndani, dawa hamna, ni kung'oa na kuzika.

Kuhusu huyo mama na ndoo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, nyumba za watu ziko juu ya vilima, Karagwe ndo kabisa wanapita 1,500. Maji hayapandi yenyewe, yanataka pampu na pampu inataka umeme, na umeme wa sehemu kubwa ya mkoa huu kwa miaka mingi tulikua tunanunua Uganda, laini inatoka Masaka inaingia Kyaka. Sasa hivi kuna mitambo ya maporomoko ya Rusumo pale Ngara, megawati 80 tunagawana sisi Rwanda na Burundi. Kwa iyo kuliona ziwa ni bure, kulinywa ni gharama.

Goziba_kwetu:
Mwalimu umeongea vizuri ila umeongelea nchi kavu tu, zaidi ya robo ya huu mkoa ni maji na huko ndo hela ilipo. Au niseme ndo hela inapopita.

Mi nimekulia visiwani, Goziba, na Kerebe na Bumbire nimekaa sana. Ntakwambia jinsi inavyokwenda. Dagaa anavuliwa usiku wa giza, taa inawekwa juu ya maji wanajikusanya, zamani karabai siku hizi taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mkubwa kambi inalala maana dagaa haji kwenye taa, watu wanashona nyavu wanakunywa wanakopa. Yule unaemuona na mtumbwi na injini, mara nyingi sio vyake, ni vya tajiri. Tajiri kampa nyavu, injini, mafuta, na hela ya kula, kwa makubaliano kwamba mzigo wote unarudi kwake na bei anapanga yeye. Mvuvi anaweza kufanya kazi miaka bado deni lipo pale pale, likipungua linaongezwa na kitu kingine.

Alaf kukausha. Wengi bado wanamwaga dagaa mchangani. Jua likiwaka poa, ila mwalimu kashakwambia mvua za huku zilivyo, ikipiga mvua asubuhi mzigo haujakauka unabadilika rangi unanuka, dagaa aliyekua aende kuliwa na mtu anauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara hiyo inatokea kila msimu na watu wanaona kawaida! Wanaokausha juu ya vichanja, zile meza za mbao na nyavu, dagaa wao msafi hauna mchanga, wanauza bei nyingine kabisa Mwaloni Kirumba pale Mwanza, na wanunuzi wa Kongo na Rwanda wanaitafuta hiyo hiyo.

Sangara ndo usiseme. Huyo samaki aliletwa na wakoloni miaka ya 50 mpaka 60 mwanzoni, akamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili, karibu wote, na akaleta viwanda. Minofu inaenda Ulaya, mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa samaki, yanaenda China na bei ya bondo kwa kilo inashangaza kuliko nyama yenyewe, sisi wa ziwani tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Na sangara mwenyewe kapungua. Sheria inasema chini ya sentimita 50 usimguse, ila mtu mwenye deni la tajiri hashiki rula. Makokoro, zile nyavu haramu za kukokota, yanachomwa leo, kesho yapo mengine.

Na 2024 ziwa lilijaa kupita rekodi ya 1964, 2020 nayo lilijaa vile vile, mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, ikaingia maji, watu wakahamisha vibanda na majamvi ya kukaushia. Hayo takwimu za mkoa hazikwambii.

Nyakahanga_dada:
Habari zenu kaka zangu. Mi niko Karagwe, baba ana kahawa, nami ninayo kidogo, kwa iyo nimjibu mgeni upande huo.

Kagera ndo inaongoza nchini kwa kahawa ya robusta, na robusta huku ni mti wa asili, wazee walikua wanatafuna buni za kuchemshwa kabla mzungu hajafika, mpaka leo mgeni wa heshima akija anapewa. Ushirika wetu nao ni wa zamani, chama kikuu cha Bukoba kilianza 1950, ndio huo leo tunaita KCU, na Karagwe tuna KDCU. Kiwanda cha kahawa ya unga ya kuyeyuka kipo Bukoba toka miaka ya 60. Sasa ukiniuliza hela inapotelea wapi ntakwambia neno moja: butura.

Mgeni sikiliza. Ada ya shule ni Januari. Msimu wa kahawa unafunguliwa Mei. Hapo katikati mzazi anafanyaje? Anakuja mtu na noti mkononi anatembea shambani, anaangalia maua na vibuni vichanga, anasema mistari hii mpaka pale nakupa kiasi hiki. Bei inaweza ikawa hata nusu ya bei ya msimu haifiki. Unachukua kwa sababu mtoto yuko getini na begi. Serikali imepiga marufuku, kila kiongozi akija anakemea, butura ipo, kwa sababu Januari nayo ipo. Mkopo wa benki kwa mtu wa kibanja cha kurithi asie na hati nani atampa?

Alaf kuna kupeleka ng'ambo. Kuna sehemu mto Kagera ndo mpaka, ng'ambo ni Uganda, bei ya Uganda ikiwa juu na pale wanalipa papo hapo, wakati huku mtu kapeleka kahawa yake ya maganda chama cha msingi anasubiri malipo, unategemea nini? Magunia yanavuka usiku. Yanaitwa magendo sawa, ila mkulima anapiga hesabu. Kusema ukweli minada ya kahawa imesaidia, na bei ya robusta duniani ilivyopanda 2024 watu walipumua, kuna nyumba za bati zimeota huku mpaka unashangaa. Ila waliofaidi ni wale ambao kahawa yao ilikua bado yao.

mzee_wa_kyaka:
Vijana nyote mmesema mema ila mnaongea kama Kagera ilianza juzi.

Chukua ramani uangalie. Bukoba mpaka Kampala ni kama kilomita 300, Dar ni kama 1,400. Enzi zetu huku kulikua kunaitwa Ziwa Magharibi, na mtu wa Bukoba akitaka soko, hospitali kubwa, hata baiskeli, aliangalia Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mwaka uliofuata Idi Amin wa Uganda akaingia na jeshi, daraja letu la Kyaka likalipuliwa, ng'ombe wakasombwa, watu wakakimbia. Hao ng'ombe ambao mwalimu anasema walipungua, sehemu ya jibu iko hapo. Vita imeisha 1979, tukapewa jina la Kagera, hatujakaa sawa 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini wanagundulika mkoani hapa. Ugonjwa ulichukua watu wa umri wa kufanya kazi. Kibanja kinabaki na bibi na wajukuu, nani atakata nyasi rweya abebe? Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza na watu wetu kwa mamia, na meli ndio ilikua njia ya ndizi zetu na kahawa zetu. 2016 tetemeko. Mkoa mwingine ungepata hata mawili ya hayo mngekua mnauliza kwa nini bado upo.

Kwa hiyo kijana wa Singida usihesabu maziwa, hesabu njia za kutokea. Ndizi ni nzito, bei yake ndogo, inaoza. Ikilala kwenye foleni ya kivuko imekwisha. Daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za maji ambazo zilikua zinakula masaa ya watu, mi naona hilo litafanya kazi kubwa kuliko semina zote nilizowahi kukaa.

Kaizilege2:
Mzee wangu heshima yako, ila na sisi tukubali kitu kimoja. Tukisoma tunaondoka. Mtoto wa Kihaya akipata digrii anajenga Dar, huku analeta jeneza na sherehe ya Desemba. Nyumba nzuri za Muleba nyingi zina mlinzi tu ndani. Hiyo nayo ni kahawa inayovuka mto.

mzee_wa_kyaka:
Hapo sibishi.

mgeni_wa_muleba:
Aisee asanteni sana, dada wa Nyakahanga hiyo ya butura imeniuma maana kuna mtu ofisini kashanishauri niingie huko huko, eti faida ya haraka. Shikamoo mzee wa Kyaka. Sasa Goziba kwetu, hapo kwenye vichanja, mtu asiekua na mtumbwi anaweza kuingia? Yaani ninunue dagaa mbichi mwaloni nikaushe mwenyewe?

Goziba_kwetu:
Inawezekana ila sio kisiwani, kule bila mtu wako utanyooshwa. Anza mwalo wa nchi kavu, kuna akina mama wanakausha kwa vikundi, watafute hao. Wengi wana nguvu na ujuzi, kinachowakwamisha ni mbao na nyavu za kuchanja na turubai la kufunika mvua ikija. Wewe weka hivyo, wao waweke kazi, mgawane. Andikishaneni hata kwa karatasi. Na usinunue mzigo wa kwanza wakati wa mbalamwezi, bei inapanda maana dagaa wachache, subiri giza. Usitoe hela mbele kwa mvuvi yeyote hata akulilie, maana ukishatoa na wewe ushakua tajiri na hujui kazi ya utajiri.

Nyakahanga_dada:
Na kama anataka kitu cha kahawa bila dhambi, anunue miche bora ya robusta awape watu wenye nafasi, wagawane mavuno. Inachukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa lakini, ajue hilo kabla hajahamishwa kikazi.

Kaizilege2:
Mnamchosha mgeni bure. Kaka subiri Novemba, nunua bati, taa kali na mapipa, tega senene. Mtaji unarudi wiki hiyo hiyo mvua ikikubali.

mgeni_wa_muleba:
Senene mimi hata kuwaangalia siwezi.

Kaizilege2:
Hujaambiwa ule, umeambiwa uuze 😂