Ustawi wa jamii: nani anafaa kuingia?

Kalamu Nzito: Wadau, habari zenu. Mdogo wangu anaomba kusomea ustawi wa jamii. Barua yake ya maombi inaanza, "Napenda kusaidia watu." Nimemwambia aifute, haimtofautishi na mtu yeyote mwenye roho nzuri. Maana rasmi ya kazi hii iliyopitishwa kimataifa kule Melbourne, Australia, mwaka 2014 inataja haki ya kijamii, haki za binadamu, uwajibikaji wa pamoja na kuheshimu tofauti za watu. Huruma haikutajwa. Kwa hiyo nauliza: ni msukumo gani unamfaa anayeingia fani hii? Na tuelewane mapema, wanaokuja kutafuta dawa ya maumivu yao ya utotoni kupitia wateja wabaki nje.

Mlango Wazi: Wabaki nje? Mimi nimekulia makao ya watoto na leo ni afisa ustawi. Mtoto akinyamaza kwenye mahojiano simbani kwa maswali, maana najua ukimya ule unalinda nini. Wewe na Melbourne yako ungeshamjazia fomu.

Kalamu Nzito: Dada, sikukulenga wewe. Nimesema wanaokuja kujitibu.

Mlango Wazi: Utawajuaje? Utawapima mlangoni? Halafu mimi ni mwanaume.

Mpitanjia: Tukiwatoa wote wenye makovu, darasani atabaki mwalimu peke yake. Na yeye tumchunguze.

Mkufunzi: Nasimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Kovu halinitishi. Anayenitisha ni mwanafunzi anayemwambia mama anayepigwa na mumewe, "Ondoka leo hii," kwa sababu anatamani mama yake mzazi angeondoka. Huyo hamsikii tena mteja. Na wakati wa kuondoka ndipo hatari mara nyingi inapopanda. Akimsukuma bila mpango wa usalama, kamtia pabaya. Ndiyo maana kuna vikao vya usimamizi, hayo ya kwao ayalete kwangu, asimtwishe mteja. Asiye na kovu naye ana lake: huyo ni mwepesi wa kuhukumu.

Mlango Wazi: Hapo sawa, mwalimu. Lakini Kalamu hakusema hivyo. Alisema "wabaki nje."

Jicho Kali: Mnagombania makovu, mshahara hamuutaji! Kila tukidai nyongeza tunaambiwa hii ni kazi ya wito. Hata yule mama wa Chicago tuliyefundishwa kumsifu alikuwa na urithi wa baba yake.

Mpitanjia: Yule mama ana jina, ni Jane Addams. Alifungua Hull House, nyumba ya kuhudumia majirani maskini, mwaka 1889 pamoja na Ellen Gates Starr, wakaenda kuishi katikati ya wahamiaji maskini. Mwaka 1931 akapata Nobeli ya Amani. Fedha za urithi alizitia humo humo. Wenye urithi wangapi wanafanya hivyo? Mpe heshima yake, ndugu.

Jicho Kali: Heshima nampa. Nasema aliweza kuishi bila kusubiri mwisho wa mwezi. Binti asiyeachiwa kitu, mwenye majalada mengi kuliko anavyoweza kuyasoma, akiacha kazi mnasema hakuwa na moyo. Moyo anao, nguvu ndizo zimemwishia! Na wateja wake wanaanza upya kusimulia maisha yao mbele ya mgeni.

Mlango Wazi: Hilo la kusimulia upya nimelipitia. Kila afisa mpya, maswali yaleyale. Kwenye nyongeza niko na wewe, Jicho.

Mpitanjia: Mimi bado nasema Addams ameonewa.

Kalamu Nzito: Jamani, barua ya mdogo wangu? Muda wa maombi unakaribia kwisha.

Mkufunzi: Aeleze atafanya nini mteja akikataa msaada ambao yeye anaamini kabisa ni sahihi. Barua ya hivyo naisoma mpaka mwisho.

Mlango Wazi: Na kaka yake afute "wabaki nje."

Kalamu Nzito: Sifuti. Anayejitibu kwa mteja namkataa leo na kesho. Anayepeleka ya kwake kwa msimamizi sina ugomvi naye.

Jicho Kali: Na huyo msimamizi ana maafisa wangapi chini yake? Mara ya mwisho alikaa na mmoja wao saa nzima ni lini? Mwalimu, tujibu hilo.