Kutafuta ukoo wa Ireland ukiwa Marekani: IrishGenealogy, RootsIreland au picha za NLI?

MkeWaBoston
Habarini ndugu zangu. Mume wangu ni Mmarekani, bibi yake ana miaka 88 na anachotaka sasa ni kujua babu yake alitoka kijiji gani Ireland, na mimi ndo nimejitolea maana wenyewe walishakata tamaa. Tunajua ni kaunti ya Kerry, Mkatoliki, kazaliwa miaka ya 1870 hivi, basi. Nimeona saiti tatu: IrishGenealogy ni bure, RootsIreland unalipia, halafu picha za madaftari za NLI, maktaba yao ya taifa. Nianze wapi jamani?

Kipanga
Kwa Kerry usitoe hata senti. Ubatizo na ndoa za Wakatoliki wa Kerry ziko IrishGenealogy, pamoja na jiji la Dublin na sehemu ya Cork. Hapohapo kuna rejista za serikali, vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa 75, vifo 50, na ukurasa wenyewe unauona. Serikali ilianza kuandikisha watu wote 1864 kwa hiyo huyo babu anatakiwa awepo pande zote mbili. Usishtuke ukikuta kabatizwa kabla ya kuzaliwa!! Mzazi akichelewa kuandikisha alipigwa faini, so wengi walisogeza tarehe ya kuzaliwa mbele. Mimi naamini ya padri.

Mama Tatu
RootsIreland nayo msiidharau. Wakwe zangu asili yao kaunti ya Mayo, nililipia mwezi mmoja tu, unaweka jina la mtoto na la wazazi inakuletea hata kama parokia huijui. Ila unasoma kilichonakiliwa, daftari lenyewe huoni, na aliyenakili naye ni binadamu. Ndo maana nikipata kitu nakimbilia NLI kuhakiki. Kule ni bure lakini zinaishia kama 1880 na jina huwezi kusachi, lazima ujue parokia ufunue ukurasa kwa ukurasa, wino umefifia, Kilatini juu yake, James kaandikwa Jacobus, John ni Joannes. Lakini mama wa mtoto anaandikwa kwa jina la kwao alikozaliwa, hapo ndo unapata ukoo mwingine mzima.

Mzee wa Rejista
Mwanangu, zote nzuri ila umeruka hatua. Maliza Boston kwanza. Ndoa ya kanisani, karatasi za uraia, tangazo la msiba gazetini, hata jiwe la kaburi. Unatafuta parokia au kitongoji, wao wanaita townland, maana wenye jina moja, mfano kina Sullivan wa Kerry, hawahesabiki. Sensa za 1901 na 1911 zipo bure, ila usipoteze muda na za nyuma, za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua kwenye jengo la Four Courts zilikotunzwa, Dublin, 1922, na madaftari mengi ya Waanglikana yakaenda nazo. Ya Wakatoliki yalipona kwa vile yalikuwa parokiani.

MkeWaBoston
Shikamoo mzee, umeniokoa. Bibi katoa cheti cha ndoa ya kanisani kwenye sanduku, majina ya wazazi wa babu yapo yote mawili!! Nimeingia IrishGenealogy nimepata ubatizo mmoja wazazi walewale. Kwenye picha kuna "Sp." na majina mawili, ni nini?

Mzee wa Rejista
Marahaba. Hao ni wasimamizi wa ubatizo. Waandike pembeni, mara nyingi ni shangazi au mjomba, kisha watafute kwenye sensa ya 1901 parokia hiyohiyo.