Naomba ushauri: viyoyozi vya EER 10 na SEER 18 (namba za ufanisi wa umeme), nilinganisheje?

Habari zenu ndugu wanachama. Nina duka dogo la dawa hapa Arua, Uganda, chumba cha mita 4 kwa 5, bati tupu bila dari. Dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, na kipimajoto changu ukutani saa tisa mchana kinasoma 33. Jambo hili linaninyima usingizi, maana watu wanameza ninachowauzia.

Nimeona viyoyozi viwili, vyote BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Cha kwanza kinakula wati 1,200. Nikigawanya BTU kwa wati napata EER 10. Cha pili ni cha inveta, yaani kinachopunguza kasi ya kompresa chumba kikishapoa, kibandiko kinasema SEER 18, bei karibu mara mbili. Muuzaji anadai kitapunguza umeme karibu nusu. Lakini nimesoma kwamba EER hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35, na SEER ni wastani wa msimu mzima, siku za ubaridi zikiwemo. Huku kwetu ubaridi wenyewe uko wapi?

Kwa duka linalopozwa kwa muda wa saa 10 kila siku, niamini namba ipi? Na mliofunga inveta, matumizi ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) yalishuka kweli, au nianze na dari kwanza?