Nikope ninunue semi ya kubeba makaa ya mawe, au biashara hii inaelekea ukingoni?

Baba Neema, Songea

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mnisaidie kufikiri, maana mimi na mke wangu tumelizungumza jambo hili mwezi mzima na hatujafika popote.

Mimi ni dereva wa semi. Tangu 2019 nabeba makaa ya mawe kutoka kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, napeleka Mtwara. Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi, kila kona naijua. Napakia tani 30, tunafunga turubai na utingo wangu, tunaomba Mungu mzani usitukatae. Mwanzoni mzigo ulikuwa wa viwanda vya saruji. Ikaja 2022, vita vya Ukraine vikaanza, Ulaya ikapiga marufuku makaa ya Urusi, na wanunuzi wakakumbuka kwamba Ruvuma ipo. Makaa yetu yakawa yanapakiwa melini Mtwara kwenda Uholanzi, Ufaransa na India. Kuna safari nilikaa foleni ya kupakia siku tatu. Tajiri wangu aliongeza magari manne. Mimi niliezeka nyumba yangu mwaka ule.

Sasa tajiri anauza gari ninaloliendesha, kichwa na tela, milioni 95. Gari lenyewe nalijua mpaka mlio wa gia. Benki iko tayari, dhamana ni nyumba hiyo hiyo, marejesho miaka minne. Lakini mwezi uliopita nilipata tripu tatu tu.

Kijiweni kila mtu ana lake. Mmoja anasema makaa yamekwisha, Waingereza walioanzisha mambo haya wamezima mtambo wao wa mwisho wa umeme wa makaa Septemba 2024. Mwingine anasema China peke yake inachoma zaidi ya nusu ya makaa ya dunia nzima, atakayemzuia ni nani? Tena serikali inajenga bandari Kisiwa-Mgao, huko huko Mtwara, kwa ajili ya shehena chafu, makaa yakiwemo, yasichanganyike na korosho. Je, bandari inaweza kujengwa kwa biashara inayokufa?

Na kuna hili linaloninyima usingizi. Mama yangu anaishi kando ya barabara, Kitai. Kiangazi anaanua nguo zina weusi. Mimi ni mmoja wa wanaozipaka.

Fundi wa Emalahleni

Kaka, mimi ni mtu wa Kyela, natengeneza malori Mpumalanga, Afrika Kusini, mwaka wa kumi na moja huu. Jina la mji ninaoishi maana yake ni "penye makaa". Jirani na sisi kulikuwa na mtambo wa umeme wa makaa wa Komati, uliowashwa mara ya kwanza 1961. Oktoba 2022 wakazima tanuri la mwisho. Wafanyakazi wa kudumu walihamishiwa mitambo mingine. Wa mkataba, mama wauza chakula, na wenye malori mawili matatu kama unavyotaka kuwa wewe, hakuna aliyewahamishia popote. Nilikuwa na wateja wanne waliokuwa wakipeleka mzigo pale. Mmoja tu bado ana gari.

Lakini usidhani kila kitu kilifungwa. Mitambo mingine iliyokuwa kwenye orodha ya kufungwa imeongezewa muda hadi 2030, kwa sababu mgawo wa umeme uliwatesa watu. Kwa hiyo wanaokwambia makaa yanakufa na wanaokwambia yapo, wote wameona kitu cha kweli. Ninachokuomba uangalie ni hiki: Komati ilipofungwa, waliozama ni wale waliokuwa na deni. Mwenye gari lililolipiwa alihamia kubeba mahindi.

Binti wa Mvuvi, Lamu

Kaka Baba Neema, salamu kutoka Lamu. Nilikuwa na miaka 19 hapa kwetu walipotaka kujenga mtambo wa makaa, megawati 1,050, pale Kwasasi. Makaa yenyewe yangeanza kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Babangu ni mvuvi, aliuliza swali moja tu kila mkutano: maji ya moto yakimwagwa baharini, samaki wataenda wapi? Hakujibiwa. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta kibali, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Siku ile nilimwona babangu akilia.

Tuliambiwa Kenya itakaa gizani bila makaa. Umeme wetu mwingi leo ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana.

Sikulaumu kwa kulisha watoto. Ila lile la mama yako usiliweke mwisho. Ndilo la kwanza.

Mzee wa Tanuri

Baba Neema, nimesimamia tanuri la saruji miaka 22, nimestaafu. Watu wanasema "makaa" kana kwamba ni biashara moja. Unabeba biashara mbili kwenye tela moja.

Ya kwanza ni ya kiwandani. Mawe ya chokaa ili yawe klinka, ile inayosagwa kuwa saruji, yanataka joto la nyuzi 1,450 hivi, na kwa kiwanda kisicho na gesi, makaa ndiyo yanayolileta. Mwaka 2016 serikali ilizuia kuagiza makaa kutoka nje, tukaanza kuchoma ya kwetu. Hiyo inategemea Watanzania wanajenga au hawajengi. Nayo si ya milele, kwa sababu gesi ikifika, tanuri linageuzwa. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar, wanatumia gesi ya Songo Songo siku nyingi.

Ya pili ni ya meli. Hiyo inategemea bei ya makaa ya Newcastle, Australia, ambayo wanunuzi wa dunia wanaitumia kama kipimo. Mwaka 2022 ilipita dola 400 kwa tani, mwaka uliofuata ikaanguka chini ya nusu. Bei ikianguka, makaa yaliyosafiri kwa lori kutoka Mbinga mpaka baharini ndiyo ya kwanza kukosa mnunuzi. Tripu zako zimekwenda huko.

Umeme wa makaa hapa nchini usiuweke kwenye hesabu. Mkataba wa mtambo wa makaa wa Mchuchuma, megawati 600, ni wa 2011 na mtambo haupo, na sasa tuna megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere. Na hiyo bandari ya Kisiwa-Mgao itapokea na saruji pia. Gari lako nalo liweze hivyo. Fungua daftari, utwambie tripu ngapi zilikuwa za meli.

Baba Neema, Songea

Wakuu, nimekaa na daftari usiku, mke wangu akisoma mimi nikiandika. Mwaka jana tripu 41. Za meli 27, za saruji 14. Hizo 14 peke yake hazifikishi rejesho hata la miezi mitano. Nilijua mzigo umepungua, sikujua nilikuwa naegemea upande gani.

Nyumba siiweki rehani. Nimemwambia tajiri, amekasirika kidogo, ila amekubali kuniuzia kichwa bila tela, kwa awamu, nikimaliza ndipo kadi ije kwangu. Tela lililozoea makaa hakuna wa kulipakia korosho, na Oktoba pale Tunduru korosho ndiyo mzigo.

Dada wa Lamu, mama nimemsomea uliyoandika. Ameniuliza kama baba yako bado anavua.

Mwenye kujua bei ya tela la flatibedi la mtumba, Dar au Tunduma, aniandikie hapa.