Msimu wa pili wa The Umbrella Academy: kumpeleka Allison Dallas ya 1963 ilikuwa haki?

MzeeWaRimoti (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Humu tunamwaga mtama wote, asiyemaliza msimu wa pili apite kando.

Kwa aliyesahau, hii ni tamthilia ya Netflix iliyotokana na komiki: watoto 43 walizaliwa siku moja, 1 Oktoba 1989, na mama ambao asubuhi hiyo hawakuwa na mimba. Tajiri Reginald Hargreeves akachukua saba, akawafanya kikosi badala ya kuwafanya watoto wake. Msimu wa kwanza (Februari 2019) uliisha mwezi umepasuka na dunia inateketea, Five, mwenye uwezo wa kuruka wakati, akawarusha ndugu zake nyuma ya wakati. Msimu wa pili, sehemu 10, ulitoka Netflix tarehe 31 Julai 2020. Wote wanaangukia uchochoro mmoja wa Dallas, Texas, ila kwa miaka tofauti: Klaus na mzimu wa Ben 1960, Allison 1961, Luther 1962, Diego na Vanya (Viktor kuanzia msimu wa tatu) 1963. Five anatua wa mwisho, 25 Novemba 1963, mabomu ya nyuklia yameshaanza kudondoka. Hazel, muuaji wa msimu wa kwanza aliyegeuka rafiki, anamrudisha siku 10 nyuma, na kuanzia hapo tunahesabu kuelekea 22 Novemba, siku aliyouawa Rais Kennedy.

Hoja yangu: kama burudani, safi. Ila kuchukua mapambano ya Wamarekani weusi dhidi ya ubaguzi, ukamweka katikati Allison, mtu anayeweza kumwamuru askari kwa kunong'ona "nimesikia uvumi", ni kuwapunguzia heshima waliopigwa kweli bila nguvu yoyote ya ajabu. Nasema walikosea. Mwenye hoja alete.

Fundi_Hadithi
Mzee, kabla hatujafika kwa Allison, tuone kwanza kwa nini walimpeleka huko. Msimu wa kwanza ulikuwa na ugonjwa mmoja: ndugu wote ndani ya jumba moja, kila mazungumzo watu watano wanabishania jambo lilelile. Kuwatawanya kwa miaka ndiyo dawa. Luther ana bosi, Jack Ruby, anampigania ngumi. Klaus ana wafuasi wanaomwona nabii. Diego amefungiwa hospitali ya vichaa kwa kutangaza kwamba rais atauawa. Vanya hana kumbukumbu na anaishi shambani kwa Sissy. Five anapokuja kusema "twendeni zetu," nusu yao wana sababu ya kukataa. Hapo huhitaji adui wa kuwavuruga, wanavurugana wenyewe.

Kilicholegea ni maadui. Wale wauaji watatu wa Kiswidi wanatembea, wanapiga risasi, wanakosa. Hata ukiwatoa, hadithi haianguki.

Msomakomiki
Waswidi wapo kwa sababu ghala lilikuwa limeshakombwa. Kitabu cha pili cha komiki ya Gerard Way na Gabriel Bá, chenye jina hilohilo la Dallas, kilitoka kwa matoleo 6 kati ya 2008 na 2009. Hazel na mwenzake Cha-Cha ni wa kitabu hicho, na Vietnam pia imo humo. Runinga ilivitumia vyote msimu wa kwanza. Kwa hiyo msimu wa pili ulirithi mji, tarehe na Kennedy, basi.

Sasa jambo ambalo Mzee hajaligusa. Kwenye komiki Allison ni mzungu, na ndiye anayemuua Kennedy, akiwa amejigeuza mke wa rais, kwa uvumi uleule. Ubaguzi wa rangi haukuwa kiini cha kitabu. Ulikuja na uamuzi wa kumpa nafasi ya Allison mwigizaji Emmy Raver-Lampman. Ukishamweka mwanamke mweusi Texas mwaka 1961 una njia mbili tu: uonyeshe anachokutana nacho, au udanganye. Msimamizi wa tamthilia Steve Blackman na waandishi wake wakachagua kuonyesha. Mzee, ungependelea njia ya pili?

MzeeWaRimoti
Ningependelea ya tatu: wasimpe nguvu ya kumaliza shida kwa sentensi moja.

ShangaziKaunta
Mzee yuko karibu na ukweli, ila sababu yake si hiyo ya heshima. Tatizo ni la kiufundi, na ukitaka kulielewa uangalie mgomo wa kukaa ulivyofanya kazi.

Greensboro, North Carolina, 1 Februari 1960: wanafunzi wanne weusi wanakaa kaunta ya wazungu tu kwenye duka la Woolworth's, wanaagiza kahawa, wananyimwa, hawaondoki. Nashville mwezi huohuo mambo yalikuwa yamepangwa zaidi. Mchungaji James Lawson alikuwa ameshaendesha mafunzo kwa miezi: mnaigiza, mmoja anakuwa mhuni, anakuvuta kitini, anakutukana, anakupulizia moshi, wewe unajifunza kutorudisha. Kulikuwa na kanuni zilizoandikwa: kaa wima, tazama kaunta muda wote, usicheke kwa sauti, usirudishe kipigo wala tusi, usiondoke kitini bila ruhusa ya kiongozi. Kundi la kwanza likikamatwa, la pili linakaa kwenye viti vilevile. Jela inajaa, mahakama inalemewa, magazeti yanaandika, wateja weusi wanasusia maduka, mwenye duka anapiga hesabu. Tarehe 10 Mei 1960 maduka sita ya Nashville yakaanza kuwahudumia.

Kila hatua inategemea iliyotangulia. Askari anayekamata ni sehemu ya mtambo: bila yeye hakuna kesi, hakuna picha, hakuna aibu. Sasa tazama mgahawa wa Stadtler's kwenye tamthilia. Raymond Chestnut, mume wa Allison na kiongozi wa harakati, na wenzake wamekaa vizuri kabisa, fujo inaanza, askari anamshindilia Raymond virungu barabarani. Allison, aliyejiapiza kutotumia nguvu zake, anamnong'oneza askari, naye anageuka anaenda zake. Amemwokoa mume. Lakini pia ametoa nati moja kwenye mtambo: askari kaondoka bila kujua kwa nini, mji haujabadilika hata kidogo. Swali ni kama waandishi walilijua hilo.

Fundi_Hadithi
Walilijua, Shangazi, na ushahidi upo. Kwanza, Allison anatua 1961 bila sauti, koo lilikatwa na Vanya msimu wa kwanza. Wazungu wanamfukuza mtaani naye hawezi hata kupiga kelele. Anapokelewa saluni ya wanawake weusi, anapona humo, anaingia harakati kabla ya nguvu kurudi. Huo ndio mpangilio wa mtu aliyefikiri: nguvu ilitolewa ili harakati zitangulie.

Pili, baada ya mgomo Raymond hashukuru. Anamtilia mkewe shaka: ulimwambia nini yule askari? Kiongozi wa harakati ana haki ya kushuku, maana askari aliyeelewana na mtu wako kwa mnong'ono, kwa macho ya 1963, ni dalili ya usaliti.

Tatu, na hapa ndipo msimu unapobeba uzito wake: anampeleka Raymond palepale Stadtler's, anamwamuru mhudumu awakaribishe, wanakula kama wafalme. Kisha anamfanya yule mhudumu ajimwagie kahawa ya moto. Uso wa Raymond unatoka kwenye raha kuingia kwenye hofu. Hakuna hotuba, na inatosha. Tamthilia inakuambia kwamba nguvu hii inaweza kulipiza kisasi, haiwezi kuleta haki.

ShangaziKaunta
Hapo kwenye kahawa nakupa. Ila onyesho moja zuri halilipi deni la sehemu nzima. Kuanzia "The Seven Stages", sehemu ya nane, kwenda mbele Raymond anabaki kusubiri mke aage. Mikutano, mipango, majirani, vyote vinafifia kwa sababu ndugu wana dunia ya kuokoa.

BwanaKalenda
Niongeze la tarehe, maana hakuna aliyeligusa. Dallas si Birmingham, Alabama, ambako mwaka 1963 polisi waliwatumia waandamanaji mbwa na mabomba ya maji. Wafanyabiashara wakubwa wa Dallas waliogopa picha za mbwa na maji ya zimamoto kuliharibia jina jiji lao. Kwa makubaliano ya kamati ya wajumbe 14, weusi na weupe, kaunta nyingi za katikati ya mji zilifunguliwa kimyakimya mwaka 1961, yaani mwaka uleule Allison anatua. Haina maana ubaguzi uliisha: shule, nyumba na migahawa mingi ilibaki vilevile hadi sheria ya haki za kiraia ya 2 Julai 1964 na hata baada yake. Mgahawa mmoja kukaza mwaka 1963 inawezekana kabisa. Lakini tamthilia imechukua sura ya Greensboro na Birmingham ikaibandika Dallas, na ikapoteza kitu cha pekee: mji uliojua kubagua kwa adabu, milango imefungwa. Raymond anayepambana na tabasamu la meneja wa benki angekuwa mgeni zaidi kwenye runinga kuliko Raymond anayepambana na kirungu.

Msomakomiki
Hiyo ya Bwana Kalenda ingefaa kuandikiwa tamthilia yake.

Kiti_cha_Nyuma
Mnasahau watu waliipenda. Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, ilipoanza kutoa orodha ya kumi bora za mtandaoni Marekani, wiki ya 3 hadi 9 Agosti 2020, hii ilikuwa namba moja, zaidi ya dakika bilioni 3.

BwanaKalenda
Dakika hizo ni za sehemu zote 20, misimu miwili pamoja, na watu wengi walirudia wa kwanza kujikumbusha. Wala usilinganishe na zile kaya milioni 45 ambazo Netflix ilizitangaza kwa msimu wa kwanza: wakati ule mtazamaji alihesabiwa akimaliza asilimia 70 ya sehemu moja, kuanzia 2020 wakahesabu yeyote aliyetazama dakika 2. Namba haziamui kama Raymond alitendewa haki.

Fundi_Hadithi
Kwa ufundi tu, angalieni walivyofunga hesabu ya Five. Kwenye "A Light Supper", sehemu ya sita, baba yake anamwambia aache kuruka miongo, ajifunze kuruka sekunde. Sehemu nne baadaye, ndugu wote wamelala wamepigwa risasi shambani, anarudisha sekunde chache na wanapona. Mbegu ilipandwa mapema ikavunwa mahali pake. Nani alimpandia Allison mbegu ya namna hiyo? Hakuna. Nguvu yake inajaribiwa, inaogopwa, kisha anarudi 2019 bila mume, na suala la kahawa halijafungwa.

MzeeWaRimoti
Halijafungwa, na angalia lilivyokuja kulipuka. Msimu wa tatu, Juni 2022, Allison anatumia uvumi kumlazimisha Luther kimwili, anafanya biashara na baba yao kwa siri, na mwishoni anapewa Raymond na binti yake Claire kama zawadi.

ShangaziKaunta
Na msimu wa nne, Agosti 2024, sehemu 6, Raymond hayupo. Tunaambiwa aliondoka. Kiongozi wa mgomo wa Dallas alitolewa nje ya hadithi kwa maneno ya kupita.

Fundi_Hadithi
Hilo mkawahukumu waliokuja kuandika msimu wa nne. Msimu wa pili haukumtupa.