Mafundi na wauza spea Mtwara: pampu za petroli za "lita 255" mtatutobolea pistoni hadi lini?

Wakuu, hesabu kwanza, maana ndiyo inayorukwa. Injini ya petroli yenye tabo (turbo, inayosukumia injini hewa) hunywa kama mililita 6.3 kwa dakika kwa kila farasi mmoja. EJ20, injini ya Subaru, ya farasi 300 inataka mililita 1,890 kwa dakika, sawa na lita 113 kwa saa. Gawa kwa nozeli nne (zinazopuliza petroli kwenye injini), acha asilimia 20 ya akiba, unapata nozeli za mililita 590 kwa dakika hivi. Pampu halali ya lita 255 kwa saa inamaliza kazi hiyo na chenji inabaki. Sasa kwa nini gari zinakufa zikipandisha Newala kutokea Masasi?

Kwa sababu fundi anabadilisha pampu, waya anaacha ule ule wa kiwandani, mwembamba na umeshachoka. Pima volti kwenye plagi ya pampu injini ikivuta: ikisoma 11.5, ile 255 imebaki jina. Vuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampea 20, relei ya ampea 30, na ethi mpya. Waya wa zamani wa pampu ndio uamrishe relei. Kuna wanaoamrisha kutoka kwenye swichi ya funguo! Gari ikipata ajali, injini ikazima, pampu inaendelea kumwaga petroli. Huo si ufundi, ni kuchoma watu.

Presha nayo. Regyuleta, kidhibiti cha presha ya petroli, ikiwa bar 3 na tabo inasukuma 1.2, geji lazima isome 4.2. Ikiishia 3.5, nozeli imebakiwa na bar 2.3 za kusukumia, na ile ya 600 inatoa kama 525. Mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli haitoshi kwa hewa iliyopo), injini inagonga, pistoni inatoboka, halafu anasingiziwa muuza mafuta. Kinyume chake, presha ikikaa juu gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta) hata baada ya kurekebisha regyuleta, paipu ya kurudisha mafuta ni nyembamba kwa pampu hiyo. Kulegeza regyuleta zaidi hakusaidii kitu.

Nozeli pimeni omu (ukinzani wa umeme) kabla ya kufunga. Za omu 2 au 3 kwenye kompyuta ya injini iliyozoea za 12 na kuendelea, bila rezista, zinaunguza kompyuta. Na ukishabadilisha saizi ya nozeli, kompyuta ipangwe upya. "Itajizoesha yenyewe" ni maneno ya msimu wa korosho, pesa ikiwa mkononi na hakuna anayeuliza.

La mwisho ndilo linaloudhi kuliko yote: mpira wa ndani ya tenki. Unatakiwa ulioandikwa SAE 30R10, kwa sababu unalala ndani ya petroli. Wa kawaida unavimba, unapasuka, na presha inavujia humo humo tenkini huku fundi anauza pampu ya pili. Uliza madukani hapa Mtwara, au Lindi, uone: unakatiwa mpira wa maji ya rejeta, futi kwa futi, na risiti unapewa.